Chuma Kimejaa Ghalani, Damu Haipandi

(Maneno niliyoyasema mbele ya kina mama na wazee wa mtaa, ukumbini Mji wa Kale, Mombasa, Jumamosi baada ya alasiri. Nimeyaandika kwa sababu spika moja ilikufa mapema, feni zilikuwa zinanguruma, na waliokaa barazani nje walilalamika kuwa hawakusikia nusu.)

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote? Wazee wangu, mashangazi, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnasubiri feri, ingieni, viti vipo.

Nimeambiwa nizungumzie damu. Miaka mingi nimekula kwa hadubini: nimeketi kwenye stuli ya maabara nikichungulia tone moja la damu lililopakwa juu ya kioo, kisha tone la mwengine, kisha la mwengine. Mgonjwa simuoni. Damu yake ndiyo ninayoijua. Na kila anayepita dirishani kuchukua majibu ana swali moja tu: “Damu yangu ni ngapi?”

Ukimwambia “tisa”, yaani imepungua, basi. Kabla hajafika nyumbani habari ishafika. Jirani analeta maini, shangazi anapiga juisi ya bitruti, mwengine anachuma mchicha, na kuna ambaye hakosi kupita duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Sina ugomvi na maini. Wala sina ugomvi na vidonge. Mama mjamzito akipewa kliniki, ameze. Ugomvi wangu ni na ile dhana kwamba damu ikipungua, sababu ni moja na dawa ni moja.

Nitawapa mfano, na mwenyewe amekaa pale mstari wa mbele. Mama, utaniwia radhi.

Mamangu ana ule ugonjwa wa baridi yabisi unaovimbisha viungo. Asubuhi vidole havikunjiki, hata kukanda unga wa mahamri hawezi. Damu yake ikapimwa zahanati moja, jina tuliache, ikawa 9.4. Akapewa vidonge vya chuma, yale madini ya kutengenezea damu. Akameza miezi minane. Choo kikawa cheusi, tumbo likafunga, chakula kikamchukiza. Tukapima tena: 9.2. Akaambiwa aongeze vidonge. Mimi, mtu wa maabara, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa namkumbusha kila usiku ameze! Haya ndiyo yanayoniuma hadi leo. Mpaka daktari mmoja akatuuliza: “Akiba yake ya chuma mmeipima?” Hatukuwa tumeipima. Ilipopimwa tukakuta si kidogo. Ni nyingi kupita kawaida.

Chuma kimo, damu hamna. Inakuwaje?

Hapo inabidi tuingie kiwandani. Damu haitengenezwi tumboni wala moyoni. Inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ule ute ambao mtu akila mguu wa mbuzi huugonga mfupa kwenye sahani autoe. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanywa zaidi na mifupa ya uti wa mgongo, nyonga, kidari na mbavu. Na si kazi ya kitoto: kila sekunde mwili unatoa chembe nyekundu kama milioni 2. Tangu nianze kusema sentensi hii nyote mmeshapata mamilioni mapya. Kila chembe huishi siku kama 120, miezi minne, kisha huchoka.

Mwaka 1958 Mfaransa mmoja, Marcel Bessis, aliwaelezea wenziwe namna chembe changa zinavyokaa humo ubohoni. Hazikai ovyo. Zinakaa kwa makundi, zimeizunguka seli moja kubwa iliyo katikati, na makundi hayo akayaita visiwa. Sisi watu wa Mvita tunajua kisiwa ni nini. Ile seli ya katikati inaitwa makrofeji, na ajabu yake ni kwamba ni askari. Ni katika jeshi la kinga, walewale wanaomeza vijidudu. Lakini hapa kazi yake ni ya yaya. Inazishika chembe changa, inazilea, na kila moja inapokaribia kukomaa na kuitoa kokwa yake, kile kiini cha seli (maana chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kokwa), yaya anaiokota ile kokwa na kuila. Hakuna takataka inayobaki sakafuni. Laiti Kongowea sokoni tungekuwa na wafagiaji kama hao.

Na miezi minne ikitimia, anayeipokea chembe iliyozeeka kwenye bandama na kwenye ini ni nani? Makrofeji tena. Anaimeza, anaivunja, anatoa chuma kilichomo, anakirudisha kwenye damu kipelekwe ubohoni kutengeneza chembe mpya. Mkunga na mzika ni ukoo mmoja.

Sasa nipeni masikio kwenye hesabu hii, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Uboho unahitaji chuma cha miligramu 20 hadi 25 kwa siku. Chakula kinatuingizia miligramu 1 au 2 tu. Moja au mbili! Hizo nyengine zote zinatoka kwa hao makrofeji wanaovunja chembe kuukuu. Kwa hivyo sahani ya maini ni muhimu, lakini ni kama tone linaloingia kwenye tangi ambalo maji yake yanazunguka humo kwa humo. Akitokea mtu akafunga koki ya huo mzunguko, hata ukila maini asubuhi na jioni, uboho utakaa na njaa.

Na koki hiyo ipo. Nitaifikia. Kwanza nimalize habari ya anayetoa amri ya kazi, maana kiwanda hakijiendeshi.

Mwaka 1906 Wafaransa wengine wawili, Carnot na Deflandre, walimtoa sungura damu mpaka ikapungua, kisha wakachukua majimaji ya damu ya sungura huyo wakawadunga wengine wazima. Damu ya hao wazima ikapanda. Wakasema: kuna ujumbe unaotembea humu. Ujumbe wenyewe leo tunauita erithropoietini, na kwa sababu ulimi unachoka tutauita EPO. Ni homoni, na kwa mtu mzima inatoka zaidi kwenye figo. Naam, figo. Tumezoea kuzihesabu figo kwa mkojo, kumbe humo mna seli zinazopima hewa ya oksijeni iliyo kwenye damu. Oksijeni ikipungua, zinatoa EPO, EPO inakwenda ubohoni, na chembe changa ambazo zingekufa zinaokoka na kukua. Namna seli inavyotambua kwamba hewa imepungua ndiyo iliyowapa Semenza, Ratcliffe na Kaelin tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ndiyo maana wakimbiaji wetu wanafanya mazoezi Iten, mita 2,400 juu ya bahari, si hapa Mama Ngina ambapo tuna hewa ya kutosha na viazi karai. Na ndiyo maana wapo waliofungiwa kukimbia: walijidunga EPO, walitaka mlima kwa sindano.

Kuipata EPO yenyewe ikiwa safi, jamani, ilikuwa kazi ya mkojo. Msicheke. Daktari Mjapani, Takaji Miyake, alikusanya huko Kumamoto lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umekufa. Figo za watu hao zilikuwa zinapiga kelele “leteni damu!” bila kujibiwa, kwa hivyo mkojo wao ulijaa EPO. Ukakaushwa, ukapelekwa Chicago kwa Eugene Goldwasser, na mwaka 1977 wakapata miligramu 8 hivi. Lita elfu mbili na mia tano, miligramu nane! Kutoka hapo ndipo walipofika kwenye jeni yake, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha sindano ya kutengenezwa. Kila anayesafishwa damu kwa mashine hapa Mombasa na kudungwa sindano hiyo anadaiwa na wagonjwa wale wa Kumamoto. Figo zikifa, amri haitoki. Kiwanda kizima, malighafi ipo, ila hakuna aliyesema “anzeni”. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa bitruti tu, unamzungusha.

Sasa turudi kwenye koki.

Nyinyi ni watu wa bandari. Kuna mtu hapa hajawahi kusikia “kontena limefika lakini limekwama”? Mzigo upo Kilindini, umelipiwa, mwenyewe anauona kwa macho, lakini lango halifunguki mpaka amri itoke. Dukani rafu tupu, bandarini makontena yamepandana. Hali ya mamangu ilikuwa hiyo hasa.

Ini linatoa homoni ndogo inaitwa hepsidini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka hii ya 2000. Seli zenye chuma, yaani makrofeji wetu na seli za utumbo, zina mlango mmoja tu wa kukitoa nje, unaitwa feropotini. Hepsidini ikifika, inaushika ule mlango na kuufanya uvutwe ndani na kuvunjwa. Makrofeji anabaki na chuma tumboni mwake, hawezi kukitoa. Utumbo nao unakishika kile kilichotoka kwenye chakula na vidonge, na baada ya siku chache seli za utumbo hujibambua zikaenda nacho chooni. Kile choo cheusi cha mamangu kilikuwa pesa zetu.

Na nani anaiambia ini itoe hepsidini? Hapa ndipo jeshi la kinga linaporudi. Ini lenyewe hupandisha hepsidini chuma kikizidi, hiyo ni kawaida. Lakini pakiwa na vita mwilini, iwe ni vijidudu, kidonda kisichopona, kifua kikuu, au ugonjwa kama wa mamangu ambao jeshi linapigana na viungo vya mwenyewe, askari hupelekeana barua. Barua hizo zinaitwa saitokini. Mojawapo, interleukini-6, inakwenda moja kwa moja kwenye ini, na ndani ya saa chache hepsidini inapanda na chuma cha kwenye damu kinashuka. Barua nyengine zinakwenda kwenye figo kupunguza EPO, na nyengine zinafika mpaka ubohoni kuzizuia chembe changa zisikue. Wakati huohuo makrofeji wenye hasira wanakula chembe nyekundu kabla ya siku zake. Njia zote nne zinamwelekea mgonjwa mmoja.

Mtu atauliza, Mungu ameweka jambo hili kwa nini? Kwa sababu adui naye anataka chuma. Bakteria wengi hawazaliani bila chuma. Mji ukizingirwa hufungi ghala? Hao Wareno walipojifungia ndani ya Fort Jesus miaka ile ya 1696 hadi 1698 walijua maana ya chakula kuwa nyuma ya ukuta. Ila kufunga ghala ni dawa ya siku chache. Vita vikichukua miaka, wenyeji ndio wanaokonda.

Niwaonyeshe jambo moja kwa karibu, la malaria, maana ndilo ninaloliona kwa macho yangu. Mtoto analetwa na homa, ameshaugua wiki mbili tatu, viganja vyeupe kama karatasi. Napaka damu yake kwenye kioo, naitia rangi, naweka tone la mafuta, nashusha lenzi. Vimelea huenda niwaone wachache tu. Lakini nikifika kwenye chembe nyeupe kubwa, ndani yake naona vijipunje vya rangi ya kahawia nzito, karibu nyeusi, vinang'aa kidogo ukichezea mwanga. Hayo ni mabaki ya mlo wa vimelea: wamekula rangi nyekundu ya damu wakatema makombo, na askari wameyameza. Makombo hayo hayameng'enyeki upesi. Yanakwenda na askari mpaka ubohoni, kwenye vile visiwa, na huko yanaharibu malezi. Ndiyo maana mtoto anaweza kutibiwa malaria, homa ikaisha, na damu bado ikashuka siku kadhaa kabla ya kuanza kupanda. Kina mama hudhani dawa haikufanya kazi. Imefanya, kiwanda ndicho kinajikung'uta vumbi.

Na hili la watoto lina habari ya jirani zetu. Wengi humu mna jamaa Pemba. Pale ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakachapishwa 2006: watoto 24,076, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wasipewe. Kila mtu alitarajia heri. Ikaonekana waliopewa chuma walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa, ikabidi sehemu hiyo isimamishwe. Msitoke hapa mkasema fulani kasema chuma ni sumu! Katika utafiti huohuo, kikundi kidogo kilichofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa upesi, wale waliokuwa na upungufu wa kweli walifaidika. Kilichokuja kusisitizwa baadaye ni kwamba penye malaria, kumpa mtoto chuma kuende pamoja na kumkinga na kumtibu malaria. Na ninyi mliolelewa na bibi zetu mnajua neno safura: mtu amepauka, anakula udongo, minyoo inamnyonya damu tumboni. Huyo chuma kimempungua kweli. Muueni mnyoo, mpeni chuma, mtamuona anavyochipua.

Homoni nyengine nizipitie mbio. Ile ya kiume, testosteroni, inapandisha EPO na kushusha hepsidini, ndiyo sababu mojawapo wanaume damu yao iko juu. Hedhi ni sababu nyengine. Homoni za tezi ya shingo zikipungua, damu nayo hupungua polepole. Mimba ikikua hepsidini hushuka ili lango libaki wazi kwa ajili ya mtoto.

Moja lakini sitaki kuipita, kwa sababu naipenda. Watu wa maabara walijua kwamba ukivuja damu nyingi, hepsidini hushuka. Ila nani anaiambia ini? Jibu lilipatikana Los Angeles, likachapishwa 2014. Chembe changa zenyewe, zikishapata amri ya EPO, zinatoa homoni yake, erithroferoni, inayokwenda kwenye ini kusema: fungueni, tuna kazi. Watoto wa kisiwani ndio wanaopiga simu bandarini.

Sasa mtu afanye nini akiambiwa damu yake ni tisa? Aulize. Mwambie daktari kwa adabu: “Ni ya nini, dokta?” Vipo vipimo. Kipo cha kuhesabu chembe changa. Tunazitia rangi ya buluu na ndani yake zinaonekana nyuzi kama za wavu wa mvuvi, zikiwa nyingi kiwanda kinafanya kazi na damu inapotea kwengine, zikiwa chache kiwanda ndicho kimelala. Kipo cha ferritini, yaani akiba ya chuma. Lakini ferritini ni mjanja: penye uvimbe, yaani ile vita ya jeshi la kinga, au homa, inapanda yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asiye na maradhi, ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, chuma kimemwishia. Mwenye uvimbe mwilini hata 69 ni ya kutiliwa shaka. Kwa hivyo ipimwe pamoja na kipimo cha uvimbe, CRP. Na figo ziangaliwe.

Wenye upungufu wa chuma wa kweli nao wana habari njema kutoka Zurich, ya 2015 na 2017: ukimeza kidonge leo, hepsidini inapanda mpaka kesho, na cha kesho kinakuta lango limerudishwa nusu. Wanawake waliomeza siku moja na kuruka moja walinyonya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Mjamzito asijipangie, afuate alivyoambiwa kliniki.

Mamangu? Aliachishwa vidonge, akatibiwa viungo. Miezi minne, muda wa chembe nyekundu kuzaliwa na kuzeeka, damu ikafika 11.6. Mahamri mtakayokula leo amekanda yeye.

(Hapo tukafungua maswali. Mzee mmoja mwenye bakora akasimama, akasafisha koo.)

“Mwanangu, umesema mengi. Hii chai tunayoambiwa inaua damu, ni kweli au mnatunyima tu?”

Nikamwambia: ami, chai haiui damu. Ina kitu kinachokishika chuma cha mboga na nafaka tumboni kisinyonyeke. Kwa hivyo mbaazi zako zile, chai iache mpaka saa moja ipite. Mbaazi zipigie ndimu badala yake, ndimu inasaidia.

“Na mahamri? Mahamri hayana chuma.”

Yanacho, ami. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa paketi utiwe chuma.

Mzee akageuka kuwatazama wenziwe, kisha akanigeukia mimi. “Yaani niyale makavu?”

Mamangu ndiye aliyemjibu, kabla yangu: “Kula na mbaazi sasa hivi. Chai nitakuletea magharibi.”